Sidii Umechoma Mwenyewe na Deki Haitaki Kuisoma? Anza Hapa

Hii nimeamua kuiandika mara moja niwe naituma tu, manake kila msimu wa harusi ukiisha hapa Lamu simu yangu haipoi. "Dada, sidii haishiki." "Dada, deki yaandika NO DISC." "Dada, kwa laptopu yangu inaonyesha vizuri lakini kwa tivii ya mama hakuna kitu." Maswali ni yale yale, majibu ni yale yale, na wengi wanaouliza wala sidii yao haijaharibika wala deki haijazeeka.

Na kabla hujaniuliza ni nani bado anatumia sidii saa hii: mimi narekodi harusi upande wa akina mama. Siku ya kupamba simu zinaachwa mlangoni, watu wameshavua mabuibui wamejipamba wanacheza, video hiyo haiendi YouTube, haiendi WhatsApp, na flashi hawaitaki sababu flashi ikizunguka nyumba tatu ishakopiwa mara kumi. Zinachomwa sidii nne tano za kuhesabika, mama wa bibi harusi anapewa mkononi, anaenda kuzifungia. Kwa hivyo kazi ipo na deki zipo.

Nikisema sidii hapa namaanisha DVD, ndivyo tunavyosema mtaani, na deki ni ile mashine inayokaa chini ya tivii.

Jua kitu kimoja tu kabla ya yote. Kompyuta inasoma karibu kila kitu unachoipa, deki haina akili hiyo. Ukiiwekea sidii inatafuta folda moja inayoitwa VIDEO_TS, ndani yake inataka faili za IFO, BUP na VOB, na picha yenyewe iwe imebanwa kwa MPEG-2, huo ni mtindo wa kubana video. Ikikosa hiyo folda, deki nyingi zinakwama hapo hapo. Sasa wewe umechukua MP4 ya simu ukaitupa kwenye sidii ukabonyeza choma, ulichotengeneza ni sidii ya data, sawasawa na flashi. Ndio maana kwa laptopu inacheza. Deki zenye alama ya DivX zinaweza kuchezesha faili za AVI, lakini usimpe mtu kazi ukitegemea hiyo alama.

Vitu uwe navyo

- Kompyuta au laptopu yenye raita ya DVD, yaani kile kifaa cha kuchomea sidii. Ukitumia raita ya nje yenye kebo ya mikia miwili ya USB, chomeka yote miwili, ule wa pili sio pambo, unaongeza umeme. Raita yenye njaa ya umeme inachoma vibaya na haikwambii.
- Betri iliyojaa. Stima ikipotea katikati ya kuchoma, sidii hiyo imekwenda. Kama una kompyuta ya mezani bila UPS, azima laptopu.
- Sidii tupu, DVD-R, sio RW zile za kufutika. Nunua mbili tatu zaidi ya unazohitaji.
- Programu tatu za bure za Windows: DVDStyler ya kutengeneza, ImgBurn ya kuchoma, VLC ya kukagulia. Wakati wa kuinstoli kitu chochote cha bure soma kila ukurasa, usibonyeze mbele mbele tu kama unafukuzwa, utajikuta na viprogramu hujaviita.
- Nafasi ya GB 15 hivi kwenye kompyuta, ili usikwame nusu ya kazi.
- Sidii moja ya orijino, ile ya dukani ya kiwandani kabisa, ambayo unajua ni nzima. Hii utaona kazi yake sasa hivi.

Hatua ya 1: Jua mgonjwa ni nani

Usichome sidii nyengine bado! Watu wanachoma tano kwa hasira kabla hawajajua tatizo liko wapi. Weka ile sidii ya orijino kwenye deki inayokataa. Ikikataa hiyo pia, shida ni deki, ruka uende chini kwenye mambo ya lenzi. Ikicheza vizuri, chukua sidii yako uijaribu kwenye deki nyengine, kwa jirani, kwa shangazi, popote. Ikikataa na huko basi sidii yako ndiyo yenye maneno. Ikicheza huko na kwako ikatae, ndio ule ugomvi wa aina ya sidii na deki, soma hatua ya 4.

Alafu igeuze uiangalie tumbo kwenye mwanga. Sehemu iliyochomwa ina rangi tofauti kidogo na isiyochomwa, utaona kama duara limeanzia katikati kwenda nje. Usipoona duara lolote na pale nje hakuna rangi iliyobadilika, yawezekana hukuchoma kitu. Usicheke, nishaletewa sidii tupu kabisa na mtu ameapa.

Hatua ya 2: Fungua uone ndani kuna nini

Iweke kwa kompyuta, usiicheze, fungua kama unavyofungua folda. Ukiona VIDEO_TS, na saa zingine AUDIO_TS pembeni ikiwa tupu, uko sawa, ile ya pili kuwa tupu sio kosa. Ukiona "harusi final final 2.mp4" basi ushapata jibu lako, nenda hatua ya 3.

Na kuna kosa moja hapa la Windows lazima nilitaje kwa urefu sababu lilinitia aibu mimi mwenyewe. Ukiweka sidii tupu, Windows inakuuliza utaitumiaje, inakupa chaguo mbili: "Like a USB flash drive" na "With a CD/DVD player". Ile ya kwanza ndiyo inayovutia, unakokota faili zinaingia zenyewe. Nilipoanza kazi hii nikachoma sidii tano kwa njia hiyo, folda ya VIDEO_TS nilikuwa nayo sahihi kabisa, nikazijaribu zote kwa laptopu yangu, safi, nikapeleka Shela kwa wenyewe. Kesho yake napigiwa simu. Nafika, nakuta ukumbi umejaa akina mama, mahamri yako kwenye sinia, chai ishamiminwa, deki yaandika NO DISC na kila mtu ananiangalia mimi. Ule mpangilio wa flashi unaandika sidii kwa namna ambayo deki nyingi hazifahamu, hata faili ziwe sahihi vipi. Na haurekebishiki, sidii hiyo ya DVD-R huwezi kuifuta ukaanza upya. Nilirudi na mashua usiku huo huo nikachoma upya.

Ile chaguo la pili ni afadhali, lakini usidanganyike: haibadilishi MP4 kuwa DVD. Inachoma kile kile ulichoipa. Mimi siku hizi sitaki hata moja, dirisha hilo nalifunga naenda ImgBurn.

Hatua ya 3: Tengeneza DVD yenyewe

Waliozoea Windows DVD Maker ya Vista na Windows 7, iliondolewa kuanzia Windows 8, msiitafute. Tumia DVDStyler.

1. Fungua projekti mpya. Ukubwa wa sidii chagua 4.7 GB. Bitireti iache ijihesabu yenyewe.
2. Fomati ya video chagua PAL. Hii ni ya kwetu, picha 25 kwa sekunde, 720 kwa 576. NTSC ni ya Marekani, waachie wenyewe.
3. Umbo la picha: video ya kamera au simu iliyolazwa ni 16:9. Ukichagua 4:3 bibi harusi atatokea mwembamba mrefu kama mlingoti, na utaulizwa.
4. Sauti chagua AC3. Ndiyo salama kuliko zote.
5. Kokota video zako ndani, panga menyu kama unataka. Ushauri wangu menyu iwe ya kawaida, kitufe cha kucheza basi. Mama mtu mzima hataki kubonyeza rimoti mara sita.
6. Mwisho programu itakuuliza ichome moja kwa moja au itengeneze folda tu. Chagua itengeneze folda tu. Usichome hapa.

Kuhusu urefu, msilazimishe. Saa moja kwenye sidii ya 4.7 inatoka safi, saa mbili bado nzuri, ukitia saa tatu na nusu picha zinaanza kuwa vipande vipande haswa watu wakicheza, sababu kila kitu kinatembea na programu haina nafasi ya kukiweka. Harusi ndefu gawa sidii mbili. Na usishangae Windows ikikwambia sidii ina 4.37 badala ya 4.7, hujaibiwa, ni hesabu mbili tofauti za kitu kimoja. Mimi sijazi mpaka ukingoni, nabakisha kama MB 300. Sidii inachomwa kuanzia ndani kwenda nje na pale ukingoni ndipo palipo dhaifu, ndipo vidole vinaposhika, ndipo inapokwama dakika za mwisho wakati bwana harusi ndio anaingia.

Video za simu zina ugonjwa wao. Simu haiweki picha kwa mwendo mmoja, mara 30 kwa sekunde, mara 27, kutegemea na mwanga, na ukiitia hivyo hivyo kwa DVDStyler sauti inaachana na mdomo kidogo kidogo mpaka ifike mwisho ngoma inalia na mikono ishashuka. Ipitishe kwanza HandBrake, programu nyengine ya bure, chagua mwendo wa picha uwe mmoja usiobadilika, 25, alafu ndio uipeleke DVDStyler. HandBrake yenyewe haitengenezi DVD, inakusafishia tu.

Ikimaliza, fungua VLC uicheze ile folda ya VIDEO_TS ikiwa bado iko kwenye kompyuta. Ruka ruka mwanzo, katikati, mwisho. Kosa ukiliona hapa ni bure, ukiliona baadaye ni bei ya sidii.

Hatua ya 4: Chagua sidii inayofaa

DVD-R ilitoka 1997, DVD+R ikaja 2002, kwa hivyo deki za kizamani sana haziijui hiyo ya alama ya kujumlisha. Ukilazimika kutumia +R, kuna raita ambazo ImgBurn inaweza kuziambia ziiandike ile sidii ijitambulishe kama DVD-ROM, yaani deki idhani ni ya kiwandani, na hiyo inasaidia sana. Sio raita zote zinakubali.

RW achana nazo kwa kazi ya kupeana. Zinaakisi mwanga kidogo kuliko R, lenzi iliyochoka haizioni. Zile za safu mbili za GB 8.5 pia zinasumbua deki, na bei yake utachoma mbili za kawaida na chenji ibaki.

Jina kwenye ganda pia sio ushahidi. Weka sidii tupu, fungua ImgBurn, upande wa kulia itakuonyesha kodi (code, yaani alama ya utambulisho) ya kiwanda kilichoitengeneza kweli. Ukinunua pakiti mbili zenye ganda moja na kodi mbili tofauti, na moja inakataa kwenye deki, ushajua urudi duka lipi na usirudi lipi.

Hatua ya 5: Choma

1. ImgBurn, chagua ile ya kuandika faili na folda kwenye sidii.
2. Tia folda ya VIDEO_TS yenyewe, isiwe ndani ya folda nyengine. Sidii ikifunguliwa VIDEO_TS iwe ndiyo ya kwanza kuonekana. Hili kosa naliona sana, mtu ana folda "Harusi ya Mwanaisha" na ndani ndio kuna VIDEO_TS, deki haitafuti mpaka huko.
3. Itakuuliza kama ni DVD ya video na kama ikuwekee mpangilio unaofaa, ISO9660 pamoja na UDF 1.02. Kubali.
4. Spidi: sidii iliyoandikwa 16x choma kwa 8x, au 4x kama una deki kongwe. Usiiache kwenye ile ya juu kabisa. Lakini pia usiende kutafuta 1x ukidhani polepole zaidi ni bora zaidi, sidii za siku hizi hazikutengenezwa kwa mwendo huo.
5. Weka alama ya kuhakiki baada ya kuchoma. Ni dakika chache zaidi, vumilia.
6. Usiguse chaguo la kuiacha sidii bila kufungwa (kufunga ni "finalize", kumalizia sidii ili deki iweze kuisoma). ImgBurn inaifunga yenyewe, wewe usiizuie. Sidii isiyofungwa ndiyo mama wa NO DISC zote.
7. Bonyeza, alafu iache. Usifungue intaneti yenye video, usihamishe laptopu, usimwekee mtoto katuni. Kwa 8x ni kama dakika 8 hadi 10, kwa 4x robo saa hivi.

Kama sidii ilirekodiwa na kamera ya zamani inayotumia sidii ndogo au na deki ya kurekodi, kuifunga ni lazima urudi kwenye mashine ile ile iliyorekodi, utafute kwenye menyu yake. Kompyuta mara nyingi haitaiona kitu.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye deki mbovu

Mimi nina deki moja hapa nyumbani kongwe, mlango wake unasukumwa na kidole. Hiyo ndiyo ya majaribio. Ikisoma hiyo itasoma popote kuanzia Mkomani mpaka Malindi. Usijaribu kwa laptopu iliyochoma, hiyo ni sawa na kumuuliza mpishi kama chakula kina chumvi.

Andika jina kwa kalamu maalumu ya sidii, upande wa juu. Usibandike stika ya karatasi. Sidii ya DVD inazunguka kwa kasi, karatasi ikikaa upande kidogo inayumba, na unyevu wetu huu wa bahari karatasi inajikunja na kuivuta sidii nayo. Zihifadhi kwenye makasha magumu, zisimame, mbali na jua. Kidaka kilicho ukuta wa ndani kabisa kinafaa, kilicho karibu na dirisha hapana, jua la mchana linaila ile rangi iliyochomwa. Na ukivuka na mashua zitie ndani ya mfuko usioingia maji, maji ya chumvi yakikauka juu ya sidii ni msasa.

Bado inasumbua?

*NO DISC au DISC ERROR moja kwa moja.* Haikufungwa, au ni sidii ya data, au ilichomwa kwa mtindo wa flashi. Hatua ya 2 na ya 5.

*Inaandika LOADING haimalizi.* Deki inaiona lakini inashindwa kusoma. Futa sidii kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje kwa mstari, usizungushe. Ikigoma choma nyengine kwa 4x.

*Inacheza alafu inakwama pale pale kila mara.* Ni sidii, kuna mkwaruzo au ilichomwa vibaya hapo. Ikikwama mahali tofauti kila mara basi ni lenzi ya deki, au joto. Deki iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi na juu yake chombo cha maua, jamani, nayo yapumua.

*Picha nyeusi na nyeupe, au inapanda juu kama inaviringika.* Umetengeneza NTSC, au deki imewekwa NTSC. Kwenye setingi za deki tafuta mahali pa mfumo wa tivii, weka PAL au ile ya kujichagulia.

*Picha ipo sauti hakuna.* Hakikisha ulichagua AC3. Kama sidii zote hazina sauti ni kebo, nyeupe na nyekundu zimechomekwa vibaya.

*Inaandika WRONG REGION.* Hiyo sio ya kuchoma nyumbani, ni ya orijino. Sisi Kenya tuko ukanda wa 5, Oman na Dubai ni ukanda wa 2, kwa hivyo sidii ya dukani anayokuletea ami kutoka huko inaweza kukataa. Ulizochoma mwenyewe kwa DVDStyler haziwi na kizuizi hicho.

*Hata orijino haisomi.* Lenzi. Huku kwetu vumbi likichanganyika na hewa ya chumvi linaganda. Toa deki kwenye stima kabisa, fungua skrubu za mfuniko, utaona kijicho kidogo kama tone la maji. Pamba ya kijiti, spiriti safi kidogo, gusa taratibu kama unamfuta mtoto jicho, acha ikauke kabla hujawasha. Usiichungulie deki ikiwa wazi na imewaka, ile leza inaumiza macho. Ikisoma sidii za muziki lakini DVD hazisomi, leza ya DVD ndiyo imechoka, ni mbali na ile ya sidii za muziki, mpelekee fundi au nunua nyengine.

Ukishindwa kabisa na deki ina mlango wa USB, tia faili la VOB au MPG kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, kila faili lisifike GB 4. Lakini flashi hiyo ikae kwa mwenyewe, ushajua kwa nini.

Na zile sidii zilizogoma, haswa za upande wa akina mama, usizitupe hivi hivi jaani. Deki imezikataa lakini laptopu ya mtu yeyote itazisoma vizuri sana. Kuzikwaruza na msumari haitoshi, kwenye DVD data imekaa katikati ya plastiki mbili, sio juu. Zifunge kwenye kitambaa kizito zisikurukie machoni, zivunje vipande vinne, na uzihesabu kabla na baada.